Nani Hulinda Daftari la Majina ya Tovuti?

Mkazi anapolipia leseni ya biashara mtandaoni huandika jina la tovuti, lakini kompyuta hutambuana kwa nambari. Mfumo wa DNS, uliobuniwa mwaka wa 1983, ndio hutafuta nambari ya kila jina, mithili ya daftari la simu.

Hatari iko wapi?
Mwaka wa 2008, mtaalamu wa Marekani Dan Kaminsky alionyesha kwamba mhalifu anaweza kupenyeza jibu la uongo katika mfumo huo. Mtu huandika jina sahihi, kisha akapelekwa kwenye tovuti bandia.

Blokicheni husaidiaje?
Nakala za daftari la majina huwekwa katika kompyuta nyingi, na mwenye jina pekee ndiye hubadilisha maelezo yake kwa ufunguo wa siri. Kompyuta moja ikidanganya, nyingine huikataa. Namecoin ilianza mwaka wa 2011 kwa majina ya .bit, Ethereum Name Service ikafuata mwaka wa 2017 kwa.eth.

Kasoro zake
Ufunguo ukipotea, hakuna ofisi ya kuurejesha. Isitoshe, vivinjari vingi havifungui majina hayo bila programu ya ziada.

Mkazi afanye nini?
Nchini Kenya, majina ya .ke husimamiwa na KeNIC, na tovuti za serikali huishia kwa .go.ke. Soma anwani yote kabla ya kulipa. Kivinjari kikitoa onyo la usalama, usiendelee, hata kama jina ni sahihi.