Kabla ya Kukodi Shamba, Soma Kwanza Ramani ya Kijiji



Msimu wa kukodi mashamba ukikaribia, simu yangu haipumui. Wengi mnauliza bei ya mbegu na kodi ya ekari kule Mang'ola. Wachache sana wanauliza swali la kwanza kabisa: hili eneo kijiji kimelipangia kazi gani?

Kijana mmoja alikodi ekari mbili za vitunguu pembeni ya kijito. Akanunua mbegu, akafunga pampu, akapandikiza. Miche ina wiki tatu shambani, kamati ya kijiji ikafika na kamba ya kupimia. Karibu nusu ya shamba ilikuwa ndani ya eneo la chanzo cha maji. Aliyemkodisha hakupokea simu tena. Somo la leo ni la kukuepusha na hasara ya namna hiyo.

Nani anapanga ardhi?

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaigawa ardhi ya kijiji mafungu matatu: ya jumuiya (malisho, misitu, vyanzo vya maji), ya watu binafsi na familia, na ya akiba. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007 inaipa halmashauri ya kijiji mamlaka ya kuandaa mpango wake. Wataalamu wa wilaya wanasaidia kupima na kuchora ramani, lakini mpango lazima upite kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Kijiji kinatunga pia sheria ndogo, na halmashauri ya wilaya ikishaziidhinisha, zina nguvu ya kisheria. Kwa hiyo usidhani ule mpaka ni maneno ya mwenyekiti tu.

Mambo matatu ya kutafuta kwenye ramani

*1. Maji.* Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au bwawa. Kwa makadirio, hizo ni hatua 80 za mtu mzima. Miti na matete ya hapo yanashika udongo, yanachuja matope na kutunza ndege na wadudu. Ukiyafyeka ili upate matuta machache zaidi, mfereji unajaa mchanga na wenzako wa chini wanakosa maji. Kumbuka pia kwamba kuvuta maji kwa kilimo cha biashara kunahitaji kibali cha Bodi ya Maji Bonde la Kati. Kuwa na pampu siyo kuwa na kibali.

*2. Mapito ya wanyama.* Kule Upper Kitete, wilayani Karatu, kuna ushoroba unaounganisha msitu wa nyanda za juu za Ngorongoro na Selela, upande wa Monduli. Tembo na nyati wanaupita. Ukilima katikati ya njia yao, umewaandalia chakula. Kanuni za shoroba za 2018 zinatoa utaratibu wa kulinda maeneo kama hayo. Na usitegemee kifuta jasho kirudishe mtaji wako. Kinapunguza machungu tu, na kiwango chake kinaangalia pia umbali wa shamba na mpaka wa hifadhi. Shamba lako halali likiwa jirani na njia, fikiria mizinga ya nyuki au pilipili, vitu ambavyo tembo havipendi.

*3. Msitu na malisho.* Huyu nyuki anayekaa msituni ndiye anayesaidia alizeti yako kujaza na kahawa yako kushika matunda vizuri. Mzalishaji wa mbegu za vitunguu ndiyo kabisa: bila wadudu wa kuchavusha, mbegu hapati. Na msitu ule wa juu ndio unaonyonya mvua na kulisha chemchemi za huku chini.

Na Ngorongoro je?

Ukivuka lango la Loduare, mambo yanabadilika. Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, lililoanzishwa 1959, lina Mamlaka yake na sheria yake. Kilimo kilipigwa marufuku humo mwaka 1975, kikaruhusiwa kwa kiasi mwaka 1992, kisha kikazuiwa tena 2009. Mtu akikuambia ana shamba la kukodisha humo ndani, usitoe hata shilingi.

Kabla hujatoa hela

- Nenda ofisi ya mtendaji wa kijiji, omba kuona ramani ya matumizi ya ardhi na sheria ndogo.
- Tembea shambani na mjumbe wa kamati ya ardhi pamoja na majirani. Pima mita 60 mwenyewe.
- Uliza wafugaji na wazee wanyama wanapita wapi, na miezi gani.
- Andikianeni mkataba mbele ya uongozi wa kijiji, utaje mipaka.

La mwisho, na hili naomba mlishike. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea. Vijana mnalalamika mipaka imewabana, lakini siku ya kuipitisha mlikuwa mnadani. Kama eneo la kilimo ni dogo, au mpango umepitwa na wakati, semeni pale, unaweza kupitiwa upya. Usipofika, utapangiwa, na utaufuata.

Haya, kabla ya wiki kuisha, nenda kaione ramani ya kijiji chako. Tukutane somo lijalo.