Ligi Ndogo za Ukambani: Adui ni Goli au ni Nauli?

Ukitaka kujua ligi ni kitu gani usianzie Nyayo wala Kasarani. Anzia huku kwetu Kitui na Makueni, Jumapili baada ya kanisa, kwenye kiwanja ambacho mbuzi wamefukuzwa dakika tano kabla ya kipenga. Vijana wa darasa letu wanaweza kukutajia kikosi kizima cha Arsenal pamoja na wale wa akiba. Waulize timu ya mtaani iko daraja gani, utaona wakikuna vichwa. Kwa sababu hiyo nimeomba nafasi katika jarida la Chama chetu niwaeleze ligi hizi ndogo zilitoka wapi, zinaendeshwa vipi, na kwa nini timu zetu hufa bila hata kufungwa.

Tuanze na maneno, maana hiki ni chama cha lugha. Mchezo wenyewe una majina tele: soka, kandanda, kabumbu, gozi. Sisi Wakamba husema muvila, ambayo ni mpira uleule uliovaa nguo za kwetu. Lakini ligi na kombe si kitu kimoja, ingawa watu huvichanganya. Kombe ni mtoano: ukifungwa leo unafunga virago. Katika ligi kila timu hukutana na kila timu mara mbili, nyumbani na ugenini. Ukishinda una pointi tatu, ukitoka sare una moja, ukifungwa huna kitu, lakini wiki ijayo uko uwanjani tena. Kwa hivyo ligi ni ratiba, na ratiba ni ahadi.

Wala si mimi niliyeligundua hilo. Huko Uingereza kabla ya mwaka 1888 vilabu vilicheza makombe na mechi za kirafiki tu. Mashabiki walifika uwanjani, timu ya wageni isionekane, au ije ikiwa pungufu. Bwana mmoja wa klabu ya Aston Villa aitwaye William McGregor alichoshwa na mambo hayo. Mwezi wa Machi 1888 aliandikia vilabu vingine barua akivitaka vikubaliane juu ya mechi ambazo lazima zichezwe. Mwaka huohuo ligi ya kwanza ilianza, timu 12, Everton ikiwa mojawapo. Sikilizeni hapo jamani: ligi ilibuniwa kwa sababu timu zilikuwa hazitokei. Leo, miaka zaidi ya 130 baadaye, ugonjwa wa ligi zetu za Ukambani ni uleule.

Hapa Kenya mpira wa mashindano ulianza zamani. Mwaka 1926 Kenya na Uganda zilipambana Nairobi kugombea Kombe la Gossage, lililotolewa na mtengenezaji wa sabuni, na sisi tukashinda. Ligi ya taifa ilianza mwaka wa Uhuru, 1963. Bingwa wa kwanza hakutoka Nairobi, alikuwa Nakuru All Stars, na mwaka 1965 Feisal ya Mombasa ikachukua. Abaluhya, ambayo leo ni AFC Leopards, ilizaliwa 1964, na Gor Mahia 1968. Hizo mnazijua.

Chini ya ligi hiyo ya taifa palikuwa na ligi za mikoa na za wilaya. Ukiangalia ramani ya wakati huo utacheka kwanza, halafu utahuzunika. Mkoa wa Mashariki ulianzia kwetu Ukambani, makao yake yakawa Embu, na ukaishia Moyale mpakani mwa Ethiopia! Makueni ilikuwa sehemu ya Machakos mpaka ilipopewa wilaya yake mwaka 1992. Mwingi ilikatwa kutoka Kitui mwaka 1993, na kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013 ikarudi kwa mama. Kila mipaka ilipobadilika, timu nazo zilipangwa upya na kupewa wapinzani wapya.

Siku hizi ngazi iko hivi. Juu kabisa ni Ligi Kuu yenye timu 18. Chini yake kuna Supa Ligi ya Taifa, halafu Daraja la Kwanza na Daraja la Pili yanayogawanywa kwa kanda, kisha ligi za maeneo na za kaunti. Wanaoongoza hupanda, wa mkiani hushuka. Sisi na Machakos ndio huitwa Lower Eastern. Kwa nadharia, timu ya kijiji cha Kyuso inaweza kupanda ngazi moja kila msimu mpaka ikaalika Gor Mahia. Kwa nadharia.

Nasema hivyo kwa sababu ya ukubwa wa nchi. Kaunti ya Kitui ina takriban kilomita mraba 30,400, yaani karibu sawa na nchi nzima ya Ubelgiji. Lakini Ubelgiji ina watu zaidi ya milioni 11, na Kitui ilihesabiwa watu 1,136,187 mwaka 2019. Makueni ni ndogo zaidi, ilikuwa na watu 987,653. Kwa hiyo timu ziko mbalimbali kama miti ya Kitui Kusini, na kila moja lazima imfuate mwenzake.

Hebu tufanye hesabu, ile ya darasani kabisa. Ligi ina timu 12. Kila timu itacheza mechi 22, na 11 kati ya hizo ni za ugenini. Wachezaji 18, kocha na msaidizi wake ni watu 20, ambao matatu moja ya abiria 14 haiwatoshi. Tuchukulie nauli ni shilingi 400 kwenda na 400 kurudi. Watu 20 ni shilingi 16,000. Mara 11 ni shilingi 176,000 kwa msimu, kabla hujanunua mpira, jezi, wala soda ya mapumziko. Ukiwa mwenyeji nako hukupumzika, kwani katika ligi hizi mara nyingi mwenyeji ndiye hutafuta pesa za marefa.

Nani atalipa? Ligi hizi zinaitwa za nusu kulipwa, lakini hiyo nusu ni nauli na chai. Binamu yangu ni beki wa kushoto. Siku za kazi anaendesha bodaboda, jioni anafanya mazoezi. Siku ya mechi ya mbali halipwi, tena anapoteza mapato ya siku nzima. Wenzake ni fundi wa mawe, muuza mitumba na walimu wawili. Huko juu Tusker ina kiwanda cha bia, Bandari ina bandari, KCB ina benki, Ulinzi ina jeshi, na Polisi, mabingwa wa msimu wa 2024/25, jina lao lajieleza. Kwetu tuna maembe, ndengu na asali. Kampuni ya maembe haijawahi kuahidi basi.

Basi nini hutokea? Mechi tatu za mwanzo watu wanachanga. Ya nne wanasafiri kumi na mmoja bila wa akiba. Ya tano hawaendi, na wenyeji wanapewa ushindi wa mezani. Timu ikizidi kukosa mechi huondolewa. Ama kwa kweli nimeona timu iliyokuwa ya tatu kwenye jedwali ikivunjika hivyo, na kipa wake alikuwa hajafungwa bao hata moja nyumbani.

Kuna jambo lingine ambalo wakubwa watanisamehe kulitaja. Uchaguzi ukikaribia, kila mheshimiwa huleta kombe lake. Jezi mpya, mipira, ng'ombe dume kwa mshindi. Wachezaji hukimbilia huko, na siwalaumu, njaa haina rafiki. Lakini kombe la wiki mbili huacha ligi ya miezi minane bila watu. Heri juhudi kama Ligi Mashinani ya kaunti ya Makueni, ambako timu huanzia kwenye wadi. Makueni ina wadi 30 na Kitui 40, kwa hivyo vijana wapo.

Tena tukifika kwa wakubwa wa soka yenyewe, wakigombana huko Nairobi sisi ndio huumia. FIFA iliifungia Kenya mwaka 2004, ikaifungia tena Oktoba 2006 hadi Machi 2007, na tena Februari hadi Novemba 2022 baada ya serikali kulivunja shirikisho mwaka 2021. Gor hupata wa kuitetea gazetini. Timu ya Zombe, nani ataiandika?

Hata hivyo ngazi hupandika. Mathare United ilianzishwa mwaka 1994 kutokana na vijana wa mitaa ya mabanda, na mwaka 1998 ikabeba Kombe la Moi ikiwa bado haijafika ligi ya juu. Sofapaka ilishinda Ligi Kuu mwaka 2009, msimu wake wa kwanza kabisa huko juu. Kariobangi Sharks walianzia chini mtaani, wakafika Ligi Kuu mwaka 2017. Julai 2019 waliitoa Everton kwa penalti 4-3 pale Kasarani baada ya sare ya 1-1. Naam, Everton ileile ya 1888! Na Agosti 2025 wachezaji wa ligi yetu ya nyumbani waliifunga Morocco na kufika robo fainali ya CHAN, kabla ya Madagascar kututoa kwa penalti.

Kwetu pia kuna mabadiliko. Barabara ya kilomita 192 kutoka Kibwezi kupitia Mutomo na Kitui hadi Migwani imetiwa lami, kwa hivyo timu ya Kibwezi haihitaji kuzunguka Machakos ili icheze Kitui. Uwanja wa Ithookwe ulikarabatiwa kwa sherehe za Mashujaa za Oktoba 2025.

Lakini viwanja vingi vilivyobaki havina ua, na hapo ndipo ningeanzia mimi kama ningeulizwa. Mechi ya majirani huvuta watu kama 300 bila kutangazwa, wote wamesimama bure chini ya mwembe. Weka ua wa mabati na lango moja, toza shilingi 50 kila mtu, unapata 15,000. Nauli ya safari moja ni 16,000. Hiyo elfu moja iliyopungua, hata wachezaji wenyewe wanaweza kuichanga.