Tumbo la Hedhi: Usingoje Likaze

Katika nyumba nyingi mambo huenda hivi. Saa kumi na mbili asubuhi binti anaamka tumbo la chini linamvuta. Anajikaza, anavaa sare, anaenda shule. Saa nne amejikunja juu ya dawati. Saa saba anarudishwa nyumbani amepauka na ameshatapika, na hapo ndipo mama anaanza kutafuta kidonge. Anakimeza, anakitapika, na nyumba nzima inaamini kwamba dawa hazimsaidii mtoto huyu. Kumbe kidonge kimechelewa saa saba.

Kila mwezi mji wa mimba hujitandika utando laini ndani yake. Mimba isipotunga, utando huo hubomoka na kutoka pamoja na damu. Unapobomoka huachilia kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo huuchochea msuli wa mji wa mimba ujikamue. Zikiwa nyingi, msuli hukaza hadi ukabana mishipa yake wenyewe ya damu. Msuli uliokosa damu huuma, kama unavyouma wa mguu ukikakamaa usiku. Kemikali hizo hizo zikifika kwenye utumbo huleta kuharisha, na wengine hupata kichefuchefu na kichwa kuuma.

Mabibi zetu wengi wameyaita maumivu haya chango. Hawakukosea kuyachukulia kwa uzito. Ila si mdudu, si uchawi, na wala si dalili kwamba binti ameanza mambo ya wanaume. Mara nyingi huanza miezi sita hadi mwaka mmoja baada ya kuvunja ungo, yai linapoanza kupevuka kila mwezi. Kwa hiyo mama asishangae wala asimshuku kuwa anaigiza akisema, "Mbona mwaka jana hukuumwa?" Kwa kawaida maumivu hukaa siku moja hadi tatu, na ya siku ya kwanza ndiyo makali zaidi.

Dawa na saa yake

Ibuprofeni, ambayo wengi huiita brufeni, huzuia prostaglandini zisitengenezwe. Zilizokwisha kutengenezwa haiziondoi. Ndiyo maana inafaa imezwe tumbo linapoanza kuvuta au tone la kwanza la damu linapoonekana. Ambaye tarehe zake hazibadiliki anaweza kuanza siku moja kabla. Kwa binti wa miaka 12 na zaidi, na kwa mwanamke mzima, kipimo cha kawaida ni miligramu 200 hadi 400 baada ya kula, kila baada ya saa 6 hadi 8. Asizidishe miligramu 1,200 kwa siku bila agizo la mhudumu wa afya. Soma karatasi ya dawa kwanza, kwa sababu kuna vidonge vya 200 na vya 400. Siku ya kwanza na ya pili ameze kwa saa zake, asisubiri maumivu yarudi.

Diklofenaki na mefenamiki asidi ni ndugu wa ibuprofeni, na ndugu hawa hawamezwi pamoja. Hapa watu huumia bila kujua, maana vidonge vingi vya maumivu vinavyouzwa madukani vina diklofenaki ndani yake. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu, au anayehisi ana mimba, asitumie dawa za ukoo huu kabla ya kumwona mhudumu. Anaweza kutumia paracetamol: kwa mtu mzima, vidonge viwili vya miligramu 500, mara zisizozidi nne kwa siku. Nguvu yake kwa tumbo la hedhi ni ndogo zaidi, lakini inasaidia. Aspirini asipewe aliye chini ya miaka 16.

Wapo wazazi wanaoogopa kwamba binti "atazoea vidonge". Dawa hizi, zikimezwa siku mbili au tatu kwa mwezi kwa kipimo chake, hazimfanyi mtu awe mtumwa wake.

Joto linasaidia sana, na halihitaji fedha. Kanda kinena kwa kitambaa cha maji ya moto, au tia maji ya moto yasiyochemka kwenye chupa ngumu, ifunge kwa kanga, kisha ilaze chini ya kitovu kwa dakika ishirini hivi. Chai ya tangawizi huwapa wengine nafuu. Kutembea, kucheza rede au mazoezi yoyote yanayofanywa mara kwa mara mwezi mzima hupunguza ukali wa maumivu. Kuoga na kula ndimu hakudhuru hedhi.

Kalenda ya ukutani ndiyo chombo ninachokipenda kuliko vyote. Weka alama siku damu inapoanza na inapokoma, na andika siku alizoshindwa kwenda shule au kazini. Baada ya miezi mitatu utajua ni lini vidonge viwe tayari kwenye begi, na mwalimu wa malezi aambiwe mapema. Baba naye aijue kalenda hiyo. Mwenye kununua unga na mafuta anaweza kununua na dawa.

Yasiyopaswa kuvumiliwa

Usimwambie mtoto wa miaka kumi na minne kwamba "ukizaa litaisha". Kwa wengine hupungua baada ya kuzaa, kwa wengine halipungui, na kwa wengine linaficha ugonjwa. Takriban mwanamke mmoja kati ya kumi walio katika umri wa kuzaa ana endometriosisi, ambapo nyama inayofanana na utando wa mji wa mimba huota nje yake. Wengi hukaa nayo miaka bila kutambuliwa, kwa sababu tangu wasichana waliambiwa wavumilie.

Nenda kituo cha afya ikiwa dawa iliyomezwa kwa wakati haikusaidia kwa miezi mitatu, maumivu yanazidi mwaka hadi mwaka, yanakuja hata nje ya hedhi, au wakati wa haja kubwa au tendo la ndoa. Nenda pia ikiwa damu inapita siku saba, au binti anaumwa kila mwezi lakini hajawahi kuona damu, kwani huenda njia yake imeziba. Mhudumu anaweza kushauri vidonge vya uzazi wa mpango, ambavyo hufanya utando uwe mwembamba. Hiyo ni tiba, na haisemi lolote kuhusu mwenendo wa binti.

Usingoje kesho ikiwa ana homa na uchafu wenye harufu, pedi inalowa kila saa kwa saa kadhaa, anazimia, au amekosa hedhi kisha akashikwa na maumivu makali ya upande mmoja: mimba inaweza kuwa imetunga nje ya mji wa mimba. Ukienda, chukua ile kalenda. Akikwambia mtu kwamba ni mambo ya kawaida ya wanawake, mwonyeshe siku zilizopotea, umwombe amchunguze.