Namna ya Kutabiri Mshindi wa Mbio za Baiskeli

Huku Iyunga, Mbeya, baiskeli ni chombo cha kazi. Inabeba mkaa, maziwa na ndizi, na mabishano ya michezo kwa kawaida ni ya timu za mpira, Mbeya City na Prisons. Septemba 2025 mambo yalibadilika. Mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalikuja Kigali, mara ya kwanza kufanyika Afrika, na kwenye banda la fundi baiskeli tunapokaa jioni kila mtu akawa na mtu wake. Tuliunga bando, simu ikaegemezwa kwenye kopo la grisi, mabishano yakaanza. Nimezifuatilia mbio hizi kwa miaka mingi, na kutabiri mshindi kuna njia yake. Nawaandikia ninavyofanya mimi.

Anza na barabara. Majina yasubiri. Watu wengi huuliza nani yuko fomu kabla ya kuuliza njia inapita wapi, na hapo ndipo utabiri unapoharibika. Mbio za wanaume za Kigali zilikuwa kilomita 267.5, na ukijumlisha vipando vyote unapata zaidi ya mita 5,000 za kupanda. Walizunguka mjini mara tisa, wakatoka kwenda Mlima Kigali, karibu kilomita sita za kupanda mfululizo, wakapita kwenye kipando kifupi cha mawe chenye mwinamo wa asilimia 11, kisha wakarudi mjini kwa mizunguko mingine sita. Hewa nayo ni nyepesi, maana mji uko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari.

Maana ya namba hizo tunaiona hapa hapa. Simama Iwambi asubuhi uwatazame wanaotoka Mbalizi na magunia ya mkaa. Kwenye tambarare wanafuatana, wa nyuma amejificha upepo kwa wa mbele, na mwenye mwili mkubwa anakwenda sawa na mwembamba. Kilima kikianza, mwendo unashuka na ile kinga ya upepo haina faida kubwa tena. Sasa kila mtu anapambana na uzito wake. Mwenye gunia kubwa anashuka kwenye tandiko na kusukuma, karibu sehemu ile ile kila siku, na kijana mwembamba mwenye madumu mawili ya maziwa anampita akiwa bado anakanyaga pedali. Mbio za dunia hufuata sheria hiyo hiyo. Njia ikiwa tambarare, tafuta wenye kasi ya mita 200 za mwisho. Ikiwa na milima kama Kigali, wafute hao wote kwenye orodha yako hata kama unawapenda.

Kupenda ndiko kunakoumiza utabiri. Wengi wetu tulitamani Biniam Girmay wa Eritrea ang'ae kwenye ardhi ya Afrika. Huyu ndiye aliyeshinda hatua tatu za Tour de France ya 2024 na kurudi na jezi ya kijani ya kinara wa pointi, heshima ambayo hakuna Mwafrika mweusi aliyewahi kuipata kabla yake. Lakini Girmay ni mtu wa kasi za mwisho. Kumshangilia ni haki yetu, ila kumweka namba moja kwenye njia ya Kigali ilikuwa kumtwisha mzigo usio wake. Mimi huwa na majina mawili: ninayemtaka na ninayeamini atashinda. Yakiwa jina moja, najihoji upya.

Halafu pima matokeo ya karibuni kwa akili. Jumapili moja kabla, kwenye mbio za kupimwa muda, Remco Evenepoel wa Ubelgiji alishinda, na njiani alimpita Tadej Pogačar wa Slovenia aliyeondoka dakika mbili na nusu kabla yake. Kijana mmoja kijiweni akasema, "Kaka, mtu akishapitwa namna ile, habari yake imekwisha." Nikamjibu kwamba zile zilikuwa kilomita 40.6, kila mtu peke yake. Hizi ni zaidi ya saa sita, kundi zima, mlima juu ya mlima. Zaidi ya hayo, Pogačar alikuwa ameshinda mashindano ya dunia ya 2024 kule Zurich kwa kuchomoka zikiwa zimebaki kilomita 100. Mtu aliyefanya jambo mara moja na likamlipa, mtegemee alirudie.

Akalirudia. Alichomoka Mlima Kigali, bado kilomita zaidi ya 100, akafuatana na Juan Ayuso wa Hispania na Isaac del Toro wa Mexico. Hapa mwenye jicho aliona kitu: mashindano haya watu huvaa jezi za nchi, lakini hao watatu wote mwaka ule walikuwa waajiriwa wa timu moja. Daima tazama nani analipwa na nani. Wenzake walipochoka, Pogačar alikwenda peke yake kilomita 66 hadi mwisho. Evenepoel, baada ya kusumbuliwa na baiskeli na kuibadilisha mara mbili, alifika dakika moja na sekunde 28 nyuma. Kati ya walioanza, zaidi ya 160, waliomaliza ni 30 tu.

Lakini siku moja kabla yake, mbio za wanawake zilifundisha upande wa pili. Majina makubwa, Demi Vollering, Pauline Ferrand-Prévot na wengine, yaliviziana. Kila mmoja alingoja mwenzake afanye kazi ya kulifukuza kundi lililotangulia, na Magdeleine Vallieres wa Canada akabeba ubingwa. Kwa hiyo ukiona vinara watano wanalingana, tafuta jina la safu ya pili. Kinara akiwa mmoja aliyewazidi wote, usijitie ubingwa wa kuona mbali, mtaje tu.

Kijiweni tuna utaratibu mmoja ninaouheshimu: jina huandikwa kabla mbio hazijaanza, na sababu yake pembeni. Asiye na sababu hahesabiwi hata akipatia. Pesa haiwekwi, kwa sababu ikishaingia watu huacha kutazama mbio.

Mashindano ya dunia ya 2026 yamepangiwa Montréal, Canada, mwezi Septemba. Pogačar ameshashinda mbio za siku moja za mji huo, 2022 na 2024. Tazama ramani ya njia kwanza, kisha niandikie jina lako na sababu.