MOTO WA NYIKA: FAGIA KABLA YA UPEPO



Mvua zimekwisha. Majani yanakauka. Upepo wa kiangazi unaanza kuvuma. Huu ndio wakati wa moto wa nyika. Unakumbuka Oktoba 2020? Mwezi ule mamia ya watu walipanda Mlima Kilimanjaro kuzima moto, na kazi hiyo iliwachukua siku nyingi. Moto ukipata majani makavu na upepo, kuuzima ni kazi ngumu sana.

Leo hatutajifunza kuzima moto mkubwa. Tutajifunza kulinda nyumba kabla moto haujafika. Kazi hii mtu yeyote anaweza kuifanya kwa jembe, fyekeo na ufagio.

MOTO HUINGIAJE NYUMBANI?

Watu wengi hufikiri kwamba moto wa nyika huja kama ukuta na kumeza nyumba. Mara nyingi sivyo. Nyumba nyingi huunguzwa na cheche. Upepo huokota vipande vya majani na magome vinavyowaka, ukavibeba mbele ya moto. Cheche zinaweza kuruka kilometa moja na zaidi. Moto unaweza kuwa ng'ambo ya mto, na cheche zake ziko tayari juu ya paa lako.

Cheche ni ndogo. Ikianguka juu ya udongo mtupu, inazimika. Ikianguka juu ya majani makavu yaliyokusanyika ukutani, inayawasha. Majani yanawasha kuni. Kuni zinawasha mlango au paa. Basi jiulize: cheche ikianguka kwangu leo, itakuta nini?

MFANO WA MJI WA LAHAINA

Tuangalie jambo lililotokea mbali na kwetu, kwa kuwa lina mafunzo makubwa. Lahaina ni mji wa pwani katika kisiwa cha Maui, jimbo la Hawaii, nchini Marekani. Karibu na mji huo kulikuwa na mashamba ya miwa. Kilimo cha miwa kilipokwisha, mashamba yaliachwa, yakaota majani marefu. Kiangazi majani hayo yalikauka.

Tarehe 8 Agosti 2023 upepo mkali ulivuma. Asubuhi waya za umeme zilianguka na kuwasha majani. Wazima moto walifika, wakaudhibiti moto, wakadhani umekwisha. Lakini kaa lilibaki chini. Mchana upepo ulilifufua, na moto ukaingia mjini. Watu zaidi ya 100 walikufa. Majengo zaidi ya 2,000 yaliungua.

Katikati ya majivu ilibaki nyumba moja yenye paa jekundu. Ilikuwa nyumba ya mbao, yenye umri wa karibu miaka 100. Kwa nini haikuungua? Wenye nyumba walikuwa wameitengeneza muda mfupi kabla ya hapo. Waliezeka mabati. Waling'oa mimea yote iliyokuwa karibu na ukuta, wakaweka mawe mahali pake. Hawakufanya hivyo kwa kuogopa moto. Walikuwa wanaogopa mchwa! Bahati nayo ilikuwapo, maana nyumba ile haikubanana sana na nyingine. Lakini cheche zilizoanguka pale zilikuta mawe na bati. Hazikupata chakula.

HATUA 2, HATUA 10, HATUA 30

Simama ukiwa umeupa ukuta wa nyumba yako mgongo. Tembea hatua ndefu ukihesabu.

Hatua 2 za kwanza. Hapa pasiwe na kitu chochote kinachoweza kuwaka. Kwangua majani mpaka udongo uonekane. Fagia kila siku wakati wa upepo. Ondoa kuni, mabua, mikeka mibovu, magunia na dumu la mafuta ya taa. Kama mvua huchimba udongo ukutani, weka kokoto au mawe.

Mpaka hatua 10. Fyeka majani yawe mafupi, yasizidi urefu wa kidole. Miti ya kivuli usiikate. Punguza tu matawi ya chini na matawi yanayogusa paa. Zoa majani yaliyoanguka. Kata majani makavu ya migomba.

Mpaka hatua 30. Rundo la kuni, mabua na majani ya mifugo liwe mbali kiasi hiki, ukiweza. Vichaka vilivyoshikana vitenganishe, ili moto usipate njia ya kutembea.

Kihenge cha nafaka na zizi la mifugo uvisafishie hatua 2 pia. Kuokoa nyumba na kupoteza chakula cha mwaka mzima ni kuingiza njaa nyumbani.

TAZAMA JUU

Paa ndipo cheche nyingi zinapoangukia. Paa la nyasi au makuti hushika moto upesi. Ukiweza, weka akiba kidogo kidogo upate mabati au vigae. Paa la udongo, kama la nyumba ya tembe, nalo hukataa cheche kuliko nyasi. Kama bado una paa la nyasi, usafi wa uwanja pekee hautoshi. Weka ngazi, pipa la maji na ndoo ya mchanga karibu. Siku ya upepo mtu mzima mmoja abaki nyumbani kulinda. Paa likishika moto na ukashindwa kuuzima mara moja, toeni watu wote nje.

Hata penye bati kuna hatari. Tazama uwazi ulio kati ya ukuta na paa. Cheche hupita hapo na kuangukia magunia yaliyo ndani. Usizibe uwazi wote, kwa sababu moshi wa jikoni lazima utoke. Weka wavu wa waya wenye matundu madogo. Pia toa majani yaliyonasa juu ya bati.

USIWE WEWE MWENYE KUWASHA

Mioto mingi huanzishwa na watu. Mmoja anasafisha shamba. Mwingine anarina asali. Mwingine anachoma mkaa, anawinda, au anataka majani mapya kwa ng'ombe wake. Hakuna anayetaka kuunguza kijiji, lakini upepo haumsikilizi mtu.

Kama lazima uchome, pata kwanza ruhusa ya serikali ya kijiji. Waarifu majirani. Lima mkanda wa udongo mtupu kuzunguka shamba. Usichome wakati wa upepo. Uwe na watu na maji. Ukimaliza, mwagia maji, koroga majivu, mwagia tena. Sogeza mgongo wa mkono wako karibu na majivu. Kama bado unasikia joto, moto haujafa. Usiondoke. Kumbuka kaa la Lahaina.

MOTO UKIJA

1. Piga yowe, ngoma au kengele ya shule. Wote mjue sauti hiyo mapema.

2. Watoe kwanza watoto, wazee, wagonjwa, wajawazito na walemavu. Usimfungie mtoto ndani unapokwenda shambani. Mtoto aliyefungiwa hawezi kukimbia.

3. Nendeni mahali pasipo na majani: uwanja wa mpira, shamba lililolimwa au mahali palipokwisha kuungua.

4. Usikimbie kupanda mlima mbele ya moto. Moto hupanda mlima upesi kuliko wewe. Kimbilia pembeni.

5. Vaa nguo za pamba zinazofunika mwili. Nailoni huyeyuka na kushika ngozi. Vaa viatu.

6. Funga kitambaa puani. Lakini jua kwamba kitambaa huzuia majivu tu, hakizuii hewa ya sumu iliyo ndani ya moshi. Toka kwenye moshi.

7. Wafungulie mifugo, usiwaache kambani. Ukisha kutoka, usirudi kuchukua redio wala godoro. Vitu hununuliwa tena.

Moto ukipita, msilale. Zungukeni nyumba kwa saa nyingi mkitafuta cheche kwenye paa, kwenye vizingiti na chini ya kuni. Nyumba nyingi huungua baada ya moto kupita, wakati watu wamekwisha kutulia.

MTU AKIUNGUA

Nguo zikishika moto, asikimbie. Alale chini na kujiviringisha, au mfunike kwa blanketi zito la pamba au la sufi.

Mwagilia sehemu iliyoungua maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20. Kama maji ni haba, lowesha kitambaa safi na ukibadilishe mara kwa mara. Vua pete, bangili na nguo, lakini nguo iliyoganda kwenye kidonda usiivute. Usipasue malengelenge. Kisha funika kidonda kwa kitambaa safi kisichonata, na mwili uliobaki uufunike asipate baridi.

Usipake mafuta, dawa ya meno, unga, yai, majivu wala kinyesi cha ng'ombe. Vitu hivyo huweka joto ndani na kuingiza vijidudu.

Mpeleke mgonjwa zahanati haraka kama kidonda ni kikubwa kuliko kiganja chake, au kipo usoni, mikononi, kwenye viungo au sehemu za siri. Mtoto mdogo na mzee wapelekwe hata kama kidonda ni kidogo. Mpeleke pia mtu aliyevuta moshi akiwa na kikohozi, sauti ya kukwaruza, masizi puani, kichwa kuuma au kuchanganyikiwa. Anaweza kuonekana mzima, kisha hali yake ikabadilika.

KAZI YA WOTE

Mkanda wa kuzuia moto kuzunguka kijiji ni kazi ya pamoja. Ulimwe mara mvua zinapokwisha, kabla majani hayajakauka kabisa. Lakini mkanda peke yake hautoshi. Cheche huruka juu yake. Ukisafisha kwako na jirani akaacha kichaka, nyumba yake ikiwaka itawasha yako. Kama jirani ni mjane, mzee au mgonjwa, msaidieni kufyeka. Mkimsaidia yeye, mnajilinda wenyewe.

Hakuna kati ya kazi hizi inayomhakikishia mtu kwamba nyumba yake haitaungua. Lakini nyumba iliyosafishwa ina nafasi nzuri ya kubaki, na kaya iliyojiandaa hutoka mapema. Kinga ni bora kuliko tiba.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Cheche ni nini, na huletwa na nini?

2. Kwa nini nyumba yenye paa jekundu ya Lahaina ilibaki?

3. Kijijini kwetu tutakimbilia wapi moto ukija? Nani hawezi kutembea peke yake, na nani atambeba?

KAZI YA NYUMBANI

Leo jioni hesabu hatua 2 kuzunguka nyumba yako yote. Andika kila kitu kinachoweza kuwaka ulichokikuta. Kesho kiondoe. Wiki ijayo soma orodha yako mbele ya darasa.