Mfano na Vipuri: Somo Kutoka kwa Kifaru cha Plastiki



Vijana wenzangu, somo la wiki hii linaanzia mahali ambapo pengine hukupategemea: kwenye meza ya mtu anayeunganisha kifaru kidogo cha plastiki. Simaanishi yule mnyama wa Ngorongoro, nasema kifaru cha vita. Twende taratibu, utaona tunafika wapi.

Soma kwanza: Mwanzo 1:26-27, Mathayo 5:23-24 na 23:5, 23, Warumi 8:29, Wakolosai 1:15, Yakobo 5:4.

Lengo la somo: kujua nafasi ya rozari, medali, skapulari na novena katika maisha ya kijana Mkatoliki, na kujua kitu gani hazitakiwi kukifunika.

1. Mfano hupimwa kwa kitu halisi

Ukipita vijiji vyetu utakutana na watoto wanaoendesha magari waliyounda wenyewe. Bodi ni ya vipande vya mbao au bati la kopo, ekseli ni waya, magurudumu yamekatwa kwenye soli ya kandambili iliyochoka. Mtoto aliyezoea kuona malori ya mbao yakishuka kutoka Udzungwa hatengenezi gari lolote tu. Anatengeneza lori la mbao, na mwenzake akikosea idadi ya magurudumu ya nyuma anaambiwa palepale, "Fuso haliko hivyo!" Kumbe hata mtoto anajua kwamba mfano una mwenye kuusahihisha, na huyo ni kitu halisi.

Huko duniani kuna watu wazima wanaofanya kazi hiyohiyo kwa seti za plastiki. Kwa vifaru, kipimo kinachotumika sana ni 1:35, yaani kila sentimita moja ya mfano inasimama badala ya sentimita 35 za kitu halisi. Kipimo hicho hakikutoka kwenye kitabu cha hesabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Tamiya ya Japani ilitengeneza mfano wa kifaru cha Kijerumani kiitwacho Panther, ikauchagulia ukubwa unaotosha kubeba mota na betri ndani yake. Ukubwa huo ndio ukazaa kipimo ambacho wengine wengi walikifuata.

Tuchukue kifaru kinachotuhusu sisi Watanzania: Type 59, kilichotengenezwa China, ambacho Jeshi letu lilikuwa nacho wakati wa Vita vya Kagera. Bodi yake ina urefu wa mita 6 hivi na upana wa mita 3.27. Gawa kwa 35: unapata kitu cha sentimita 17 kwa 9, kinachokaa juu ya daftari. Mzinga wake wa milimita 100 unakuwa na tundu la karibu milimita 3. Binadamu wa kawaida pembeni yake anakuwa na kimo cha sentimita 5.

Sasa angalia lugha yetu inavyotusaidia. Neno "mfano" tunalitumia kwa hicho kifaru cha plastiki, na ndilo tunalolisoma katika Mwanzo 1 pale Mungu anapomuumba mtu. Mtakatifu Thomas wa Akwino alieleza kwamba kazi ya fundi hupimwa kwa wazo lililo akilini mwa fundi, na vitu vya asili, sisi tukiwemo, hupimwa kwa akili ya Mungu aliyeviumba. Yaani kijana hapimwi kwa kijana mwenzake wa Instagram. Anapimwa kwa kile ambacho Mungu alikikusudia alipomwita awepo. Na kipimo hicho kina sura. Paulo anawaambia Wakolosai kwamba Kristo ndiye mfano wa Mungu asiyeonekana, na anawaambia Warumi kwamba tumeitwa kufananishwa naye.

2. Kwa nini watu huongeza vipuri

Seti ya plastiki ikitoka kwenye boksi, kwa nini isitoshe? Hapa kuna hesabu nzuri. Madigadi ya kifaru halisi ni bati jembamba, la milimita chache tu. Plastiki inayomiminwa kiwandani ni vigumu kuwa nyembamba kiasi hicho. Mara nyingi hukaribia milimita 1. Zidisha kwa 35: milimita 35! Bati la kuzuia matope limegeuka kuwa ukuta wa sentimita tatu na nusu. Kwa macho linapendeza, ila kwa kipimo linasema uongo.

Ndipo vinapoingia vipuri vya nyongeza, vinavyouzwa mbali na seti. Kuna mabati membamba ya shaba ya manjano yaliyochongwa kwa asidi, kwa ajili ya madigadi na wavu wa injini. Kuna mitutu ya alumini iliyochongwa kwenye mashine, minyoofu, isiyo na alama ya kuungia katikati. Kuna vitu vya rezini vilivyomiminwa kwenye kalibu za mpira. Na kuna minyororo inayoungwa pingili kwa pingili. Mnyororo wa Type 59 hauna vigurudumu vya kuubeba juu. Unalala juu ya magurudumu makubwa kwa uzito wake na kulegea katikati. Mnyororo wa mpira unaokuja ndani ya boksi mara nyingi hukaa umevutika kama kamba ya kuanikia nguo. Ule wa chuma hulegea wenyewe, kama ule halisi.

Shika jambo hili, maana ndilo moyo wa somo: kipuri kizuri ni kile kinachousogeza mfano karibu na kitu halisi. Uzuri wake peke yake, au bei yake, si hoja. Ukikuta mtutu mzuri sana wa Panther ukauweka kwenye Type 59, umepoteza hela na umeharibu mfano.

3. Ondoa kwanza, ndipo uongeze

Anayeanza hudhani kazi ni kubandika tu. Wenye uzoefu hufuata utaratibu, na utaratibu wenyewe una mafundisho.

Kwanza wanahakikisha bodi imekaa sawa. Wanaiweka juu ya kioo kuona kama magurudumu yote yanagusa. Bodi iliyopinda haiponywi na kipuri chochote. Kinyume chake, kadiri unavyoongeza vitu vilivyonyooka, ndivyo kupinda kwake kunavyoonekana.

Pili wanajaribisha vipande bila gundi.

Tatu, na hili wengi hulikwepa, wanakwangua. Plastiki huwa imeshamiminwa na umbo la kile kitu tayari: kishikio kinene, wavu wa bandia. Huwezi kuweka wavu wa shaba juu ya wavu wa plastiki. Lazima uchukue kisu, tupa na msasa, uondoe ule wa uongo mpaka pawe tambarare, ndipo uweke wa kweli. Kwa saa nzima mfano unaonekana mbaya kuliko ulipotoka kwenye boksi. Wengine huogopa hapo wakaacha.

Nne, gundi. Gundi ya plastiki huyeyusha pande zote mbili zikawa kitu kimoja, lakini haishiki chuma wala rezini. Hivyo vinahitaji supaglu. Na anayepiga msasa rezini anavaa barakoa na kulowesha kwa maji, kwa sababu vumbi lake halifai kwa mapafu.

Hebu turudi kwetu. Yesu katika Mathayo 5 anamwambia mtu aliyefika altareni na sadaka yake, kisha akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka pale, akapatane kwanza. Sadaka haikatazwi, inasubiri. Ni utaratibu uleule: ondoa, ndipo uongeze. Kitubio ndicho kisu na msasa wetu. Ndiyo, kuna nusu saa ambayo mtu anajiona mbaya kuliko alipoingia kanisani. Usiogope hapo.

4. Lori la Kitonga

Kila anayesafiri kati ya Iringa na Morogoro anaujua mlima Kitonga, hapahapa wilayani kwetu. Chukua lori lililopambwa: taa za rangi mbele, bampa inayong'aa, maneno ya kumsifu Mungu juu ya kioo, rozari inaning'inia kwenye kioo cha ndani. Ila breki zimeisha. Je, utakubali kupanda lishuke nawe Kitonga? Hukubali, na ukikataa hakuna atakayesema umeidharau rozari. Umesema tu kwamba rozari haikuwekwa pale ichukue kazi ya breki.

Sasa mchukue kijana mmoja, tuseme ni mkulima wa nyanya kule Ilula. Ana rozari shingoni, nyingine mkononi, medali ya Mama Maria kwenye ufunguo, stika ya Moyo Mtakatifu kwenye pikipiki, na novena tele alizozihifadhi kwenye simu ambazo hajazisali hata moja. Msimu umeisha, nyanya zimeuzwa, na vibarua waliomsaidia kuvuna hajawalipa. Anawapigia chenga. Mtume Yakobo anasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele hizo zimemfikia Bwana. Kwa kijana huyu, kipuri kinachokosekana ni kipi? Hakuna! Bodi ndiyo imepinda.

Kanisa linaviita vitu hivi visakramenti, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1667 hadi 1670, inaeleza kwamba kwa sala ya Kanisa vinatuandaa kupokea neema na kushirikiana nayo. Vinatuandaa! Kwa hiyo tusiende upande mwingine na kusema, "Basi tupa rozari zote." Yesu aliwakemea waliopanua mapambo yao ya dini ili waonekane na watu, na katika sura hiyohiyo akasema wafanye yaliyo mazito, yaani haki, rehema na imani, bila kuyaacha yale madogo. Ukivaa skapulari, iwe inakukumbusha kwamba leo kuna mtu unamdai msamaha au anakudai mshahara. Hapo kipuri kimekaa mahali pake.

5. Kuna watu wanne ndani

Mtu anaweza kuuliza: lakini Frateri, kwa nini kifaru? Si chombo cha kuua hicho?

Swali ni la haki. Majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na Kampala ilitwaliwa tarehe 11 Aprili 1979. Wapo wazee wengi walioiishi vita ile. Ukibahatika kukaa na mmoja wao, msikilize. Ndani ya Type 59 wanakaa watu wanne: dereva, mpiga mzinga, mpakiaji wa makombora na kamanda. Mfano wa plastiki unaweza kuwa na kila boliti mahali pake na bado ukawa mtupu ndani. Hiyo ndiyo hatari ya mifano ya vita, kwamba tutaijua milimita ya mtutu na kumsahau mtu mwenye mama.

Kanisa halikatai nchi kujilinda, na halijaacha kuitamani siku aliyoiona Isaya, silaha zikifuliwa kuwa zana za shamba. Anayeunda kifaru akamweka pembeni yake mtu mmoja wa sentimita 5, mchovu, ameketi, ameongeza kipuri cha kweli kuliko vyote: amekumbusha kipimo cha binadamu.

6. Mfano huu unapoishia

Kila mfano una mpaka. Kifaru cha plastiki hakijiundi, na kikikamilika kinawekwa kabatini. Wewe uko hai, Mungu anafanya kazi ndani yako, na unaweza kumkubalia au kumkatalia.

Tena, neema si kipuri. Hainunuliwi, haibandikwi kwa nje. Mtakatifu Thomas alifundisha kwamba neema haiji kuyafuta maumbile yetu, inayakamilisha. Ikifanana na chochote kwenye ile meza, basi ni ile gundi inayopenya na kuunganisha mpaka huoni mshono. Vipuri ni hizi rozari na medali zetu. Kristo mwenyewe hayumo kwenye orodha ya vipuri. Yeye ndiye Mfano.

Maswali ya kujadili (VIWAWA, TYCS, au kwenye Jumuiya)

1. Taja kisakramenti kimoja unachokitumia. Kinakusogeza karibu na Kristo kwa namna gani? Jibu kwa tendo, usijibu kwa hisia.
2. Ni kitu gani cha "plastiki" unatakiwa kukikwangua kabla ya kuongeza ibada mpya?
3. Je, kuna mtu ambaye ujira wake, deni lake au heshima yake umeishikilia?

Zoezi la wiki: usianze novena mpya. Chukua moja uliyoihifadhi, isali mpaka mwisho. Na kabla ya siku ya kwanza, lipa deni moja.

Tusali

Ee Bwana Yesu, Mfano wa Baba, tupime kwa kipimo chako. Ondoa kwetu kilicho cha bandia, hata kama tutaonekana vibaya kwa muda. Nyoosha kilichopinda. Vitu vitakatifu tunavyovaa visitufiche mbele yako, bali vitukumbushe ndugu zetu tuliowasahau. Wape pumziko la milele wote waliokufa vitani, na uwape amani wazee wetu waliorudi. Amina.

Mama Maria, Malkia wa Amani, utuombee.