Usilipe kodi kwa kadi kabla hujapiga hesabu

Wadogo zangu mlioko Marekani, kila sherehe lazima atokee mmoja wa kutamba: kodi ya nyumba analipa kwa kadi ya mkopo, pointi zinamwagika, Desemba anapanda ndege kwenda Dar bure. Kabla hujamwiga, njoo tupige hesabu.

Tuseme kodi yako ni dola 1,500. Ukilipa mtandaoni kwa kadi, makato mara nyingi hukaribia asilimia 3, yaani dola 45. Kadi nayo inakupa pointi moja kwa kila dola. Pointi 1,500 ukizigeuza pesa, kila moja kwa senti moja, ni dola 15. Umetoa 45, umepata 15. Kwa mwaka umepoteza dola 360 za boksi, na tiketi hujaiona.

Ila kuna mwezi mmoja ambao nitakuruhusu. Umechukua kadi mpya, benki imeahidi pointi 60,000 ukitumia dola 4,000 ndani ya miezi mitatu. Chakula, mafuta na bima vimekufikisha 2,500. Hapo swaipu kodi ya mwezi mmoja, uzibe pengo: dola 45 zimekuletea pointi za dola 600. Mwezi unaofuata, rudi kulipia kutoka akaunti ya benki. Bilt ilijipatia jina kwa kuruhusu kodi ilipwe bila makato, lakini masharti yake hubadilika; soma ya sasa, mpaka maandishi madogo.

Kadi ichague kwa kuangalia ndege inayokufikisha kwenu. Chase Sapphire Preferred na Capital One Venture, ambazo ada yake imekuwa dola 95 kwa mwaka, hukuruhusu kuhamishia pointi Flying Blue, mpango wa KLM na Air France, au Aeroplan ya Air Canada, ambayo pointi zake hukata hata tiketi za Ethiopian. Tena ukilipia hoteli Zanzibar, kadi hizi hazikutozi ada ya matumizi ya nje.

Yote haya ni kwa anayemaliza salio lote kila mwezi. Riba za kadi nyingi huzidi asilimia 20. Deni la dola 2,000 likikaa mwaka, limekula zaidi ya dola 400. Kama unalo, mdogo wangu, sahau pointi, limalize kwanza. Tiketi utakata kwa pesa taslimu, na bado itakuwa nafuu kuliko hiyo ya bure.